Nyongo ya Maksai

Benchi hili ni langu, nalisema mapema ili tusibishane. Liko chini ya upenu wa kibanda changu cha kushonea hatamu na matandiko ya farasi, hapa Cholchol, kusini mwa Chile, kwenye kona ya barabara inayoteremka mtoni, na anayekalia anajua masharti: usikanyage ngozi zangu, na ukipewa kibuyu cha yerba, chai yetu chungu, usikikoroge kile kibomba cha chuma cha kunyonyea kana kwamba umeangusha kitu ndani. Asubuhi ile ya Julai mvua ilikuwa inanyesha ile ya kwetu isiyo na haraka, kuni mbichi zinafuka jikoni, birika limeanza kulia. Tulikuwa wanne. Kulikuwa na Redio, mama muuza mikate ya kukaanga, ambaye habari za mji zinaanzia kinywani mwake. Kulikuwa na Profesa, aliyewahi kufagia zahanati mwaka mmoja akatoka na elimu ya madaktari sita. Kulikuwa na Maksai, ambaye jina lake la ubatizo ni Eleuterio Huenchumil, ila ameswaga maksai wa kuvuta magogo tangu ana miaka minane. Halafu mimi, wananiita Miwani, kwa kuwa ndimi pekee mwenye miwani hapo, kwa hiyo kila karatasi inayoingia kijiweni naisoma mimi. Nikajaza kibuyu, nikampa Maksai kwanza. Akavuta mara mbili, akanirudishia, akasema, "Asante."

Tukaduwaa. Kwetu kibuyu unakirudisha kimya, unajaziwa, kinazunguka mpaka birika likauke. Ukisema asante maana yake umemaliza, hutaki tena. Na Maksai hajawahi kusema asante kabla ya birika la tatu.

Redio: Umesema nini, shemeji?

Maksai: Nimesema asante.

Redio: Umefiwa?

Maksai: Sijafiwa. Sijisikii tu.

Profesa: Anadeka huyo. Mpe kingine, Miwani, uone kama hatanywa.

Maksai: We Profesa, ukisikia mtu kasema hataki, ujue hataki. Kichomi kinanipanda hapa, chini ya mbavu, kinapita mpaka begani. Na jana nilikwenda kwa machi, yule mganga wetu.

Redio akaweka chini sinia la mikate. Hapo ujue mambo ni makubwa, Redio haweki sinia chini mpaka likiwa tupu.

Redio: Ulikwenda kwa machi bila kuniambia mimi?

Maksai: Nikuambie wewe, mji mzima ujue? Nilimpelekea mkojo kwenye chupa, kama desturi, na kuku wawili. Akaishika chupa dirishani, kwenye mwanga. Akaigeuza, akaitikisa. Akaniuliza, "Huu mkojo, au umenimiminia kahawa?"

Profesa: Lo!

Maksai: Kisha akanirudishia kuku.

Redio: Nini?

Maksai: Kuku wangu wawili, akanirudishia. Akasema hii si kazi yake, niende hospitali siku hiyo hiyo, nisilale.

Jamani. Machi wetu yule mama anatibu mpaka kwato za ng'ombe. Anatibu mapenzi. Amewahi kumtibu mtu asiyeumwa. Kurudisha kuku! Redio alishika kichwa kwa mikono miwili.

Redio: Na wewe ukafanya nini?

Maksai: Nikarudi nyumbani na kuku.

Redio: Mungu wangu! Shemeji, una akili wewe?

Maksai: Sasa hospitali niende kufanya nini tena, Redio? Si nilishapimwa? Sina mawe. Karatasi ninayo.

Na hapo sote tukapumua, kwa sababu kweli, karatasi alikuwa nayo. Sisi huku kwetu mawe ya nyongo tunayajua kama tunavyojua mvua. Nyumba isiyo na mtu mwenye kovu la nyongo itafute mwenyewe, ukiipata uniambie. Redio kakatwa mwaka ule wa mafuriko, na mawe yake anayo kwenye chupa ya dawa, kumi na moja, anatembea nayo kwenye aproni. Na marehemu Rosalba, mke wa Maksai, dada yake Redio kwa baba na mama, alikaa na yake miaka kumi na tano akinywa majani na kusema kesho. Siku walipomfungua, kifuko cha nyongo kilikuwa kimeshageuka kansa, wakamfunga tena. Akafariki baada ya wiki tisa. Kwa hiyo Maksai alipoanza kushikwa na maumivu kila akila nyama, tulimsukuma wenyewe akapimwe hospitali kubwa ya Temuko. Na aliporudi na karatasi, mwezi wa tano, hapa hapa kwenye benchi, mimi nikavaa miwani nikaisoma kwa sauti, nikaruka, ndiyo, mimi na goti langu bovu niliruka. Maksai akachinja kondoo. Tulikula mpaka mifupa.

Profesa: Basi kama mawe hana, hicho ni kitu kingine. Machi kachoka, naye ni mtu mzima sasa. Mkojo mweusi ni maji machache. Kunywa maji, mzee.

Redio: Kwani mkojo wako umeanza kuwa mweusi lini?

Maksai: Siku nne. Na kuwashwa. Najikuna usiku kucha mpaka mbwa ananishangaa.

Mimi nikatoa maoni yangu, na nayaandika hapa ingawa yananiaibisha. Nikasema ni blanketi jipya, sufu haikuoshwa vizuri. Profesa akatikisa kichwa kwa dharau.

Profesa: Nyie hamjui nyongo. Mimi nilikuwa ndani, niliwasikia madaktari wakiongea. Mnajua kwa nini nchi hii watu wake wana mawe tumboni kuliko watu wengine wote?

Redio: Mafuta. Daktari aliniambia mimi mwenyewe, mafuta, na ukoo, na kuzaa watoto wengi.

Profesa: Mafuta! Kwani mafuta wanakula Wachile peke yao? Ni tetemeko.

Redio: Tetemeko gani?

Profesa: Tetemeko la ardhi! Mama, maziwa ukiyatikisa yanakuwa nini?

Redio: Siagi.

Profesa: Haya. Na nyongo ukiitikisa? Nchi hii inatikiswa kila siku, makubwa tunayasikia, madogo hatuyasikii, lakini nyongo inayasikia. Inaganda kidogo kidogo. Leo punje, kesho kokoto. Wewe yako yalianza lini?

Redio alifikiri, nikamwona anahesabu kwa vidole, na uso ukambadilika.

Redio: Ee! Mwaka mmoja baada ya lile kubwa!

Profesa: Nilikuambia nini mimi?

Redio: Lakini Rosalba yake yalitokana na mshtuko. Siku farasi alipovunja mlango akaingia jikoni. Tangu siku ile hakuwa sawa.

Profesa: Farasi kuvunja mlango ni nini? Si mtikiso huo!

Redio akatoa chupa yake kwenye aproni, akaitikisa, mawe yakalia ndani. Akampa Maksai ayashike, kumpa moyo. Maksai akayashika, mkono wake ukaanza kutetemeka, yakawa yanalia yenyewe. Mimi nilidhani ni baridi ya mvua. Nilimsogezea jiko.

Maksai: Sasa ile mashine ya Temuko, wanakupaka mafuta ya baridi tumboni, wanakusugua na kile kidude, yenyewe inaonaje ndani?

Profesa: Hiyo ni mashine ya wavuvi. Ya kutafutia samaki. Inapiga kelele usiyoisikia, kelele inagonga kitu, inarudi kutoa habari. Waliitoa kwenye meli wakaipeleka hospitali.

Redio: Muongo!

Profesa: Waulize! Na kama samaki wanavyokimbia, na jiwe nalo. Jiwe la nyongo lina akili zake. Likisikia mashine linajificha nyuma ya ini, mashine ikiondoka linarudi. Nimeona kwa macho yangu mtu kapimwa leo hana, kesho anayo saba.

Maksai: Kwa hiyo langu linaweza kuwa limejificha?

Profesa: Aa, wewe huna. Wewe karatasi unayo.

Hapo ndipo alipoingia binti mmoja kutoka mvuani, begi kalikumbatia kama mtoto. Mkanda ulikuwa umekatika na basi lake la Temuko lilikuwa bado nusu saa. Alisema anaitwa Zunilda, wa kwa akina Curaqueo, ng'ambo ya mto. Nikachukua sindano na uzi wa nta nikaanza kumshonea. Alikaa pembeni ya Maksai, akapewa kibuyu, akavuta. Halafu nikaona ameacha kuvuta. Anamtazama Maksai.

Zunilda: Shikamoo, mzee. Naomba utazame juu kidogo.

Maksai: Juu kuna nini?

Zunilda: Tazama tu. Geuka huku, kwenye mwanga, uache huo moto.

Maksai akageuka barabarani. Nami nikainua macho kutoka kwenye sindano. Weupe wa macho yake haukuwepo. Yalikuwa ya njano, ya njano kama nta ya uzi wangu, na nilikuwa nimekaa naye tangu asubuhi, magoti yamegusana, na jana, na juzi.

Redio: Yesu na Maria!

Profesa: Ni... ni taa.

Redio: Taa gani, Profesa? Taa gani mchana huu?

Zunilda: Mama yangu alikuwa na macho haya haya. Anasikia baridi?

Maksai: Kidogo. Tangu jana. Na maumivu hapa kulia, chini ya mbavu.

Zunilda akamwekea mkono shingoni, akautoa haraka.

Zunilda: Huyu anaungua. Ana mawe?

Sote watatu tukajibu kwa pamoja, na kwa fahari, Mungu atusamehe: "Hana!"

Redio: Alipimwa Temuko. Kwa mashine.

Zunilda: Siku hiyo aliyopimwa, alikuwa hajala?

Redio: Hajala! Binti, tulihakikisha wenyewe. Aliambiwa asile kitu, na hakula. Tulikuwa naye hapa alfajiri tukimsindikiza. Alikunywa yerba tu.

Zunilda: Yerba tupu?

Redio: Ya maziwa. Safari ni ndefu, mwanangu, na baridi ile!

Zunilda: Ya maziwa na nini?

Redio akaangalia sinia lake.

Redio: Na mkate. Huwezi kumpa mtu yerba bila mkate. Mmoja.

Maksai: Mitatu, shemeji.

Redio: Mitatu. Lakini midogo!

Maksai: Na ile soseji ya Profesa.

Profesa: Kipande! Kama kidole! Jamani hicho si chakula, hicho ni kupasha tumbo tu. Chakula ni cha mezani!

Na ndivyo tunavyoamini wote, tusidanganyane. Yerba ya asubuhi na kilicho pembeni yake hakuna mtu wa huku anayekiita kula. Mwulize mtu yeyote saa nne asubuhi kama amekula, atakuambia bado.

Zunilda: Mama yangu naye walimrudisha kwa hilo. Daktari alimweleza nikiwepo. Kile kifuko ukikaa na njaa kinajaa nyongo, kinavimba, mawe yanaonekana humo ndani. Ukila mafuta kinajikamua, kinasinyaa, kinabaki kama chuchu ya ng'ombe aliyeshakamuliwa. Mashine haioni kitu. Wanakuambia urudi. Walimwambia arudi?

Maksai: Nesi aliniambia, "Karibu tena baada ya wiki mbili." Nilidhani ni adabu zake.

Zunilda: Karatasi iko wapi?

Maksai akavua kofia. Iko ndani ya kofia yake, kwenye utepe, imefungwa na nailoni, imekunjwa mara nne, hajawahi kutoka nyumbani bila hiyo kwa miezi miwili. Zunilda akaikunjua juu ya magoti. Akasoma kwa kidole, kimya, mpaka chini. Kisha akaigeuza.

Nina miaka sitini na moja. Nimeona mto ukibeba nyumba pamoja na paa lake. Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoogopa kidole cha binti yule kikigeuza karatasi ile, kwa sababu nilijua papo hapo kwamba mimi sikuigeuza.

Zunilda: "Angalizo. Mgonjwa alikuwa amekula. Kifuko cha nyongo kimesinyaa, hakikuweza kuchunguzwa, na mawe hayawezi kukanushwa. Kipimo kirudiwe baada ya wiki mbili, mgonjwa akiwa hajala wala kunywa kitu kwa muda wa saa nane. Akipata homa, au macho yakiwa ya njano, au mkojo ukiwa mweusi, aletwe haraka."

Redio alikuwa amejifunika mdomo kwa aproni.

Zunilda: Nani aliwasomea hii?

Redio alitazama jiko. Profesa alitazama viatu vyake. Maksai ndiye angeweza kusema, alikuwa na haki zote za kusema, naye akainama akaanza kuvaa kofia yake taratibu kama hakusikia swali. Miwani ilikuwa puani mwangu. Nikaivua nikaitia mfukoni, kama mwizi.

Zunilda hakungoja. Alishatoa simu, anaongea na zahanati: mzee, macho njano, homa, anatetemeka, maumivu chini ya mbavu za kulia. Akasikiliza. Akasema ndiyo, ndiyo, hapa kwa fundi hatamu. Akatuambia wanaleta gari la wagonjwa, halipiti zahanati, linakwenda moja kwa moja Temuko.

Redio: Watamfanya nini, binti? Niambie kweli. Dada yangu walimfungua wakamfunga.

Zunilda: Mama yangu jiwe lilikuwa limetoka kwenye kifuko, likakwama kwenye mrija unaoshusha nyongo tumboni. Nyongo inakosa njia, inarudi kwenye damu, ndiyo hiyo njano. Ikioza humo, ndiyo hiyo homa. Watampima damu, watamrudishia ile mashine. Kisha watampitisha mpira mwembamba mdomoni wenye kamera, uende mpaka kwenye mrija, wavute jiwe. Kifuko wanakitoa baadaye.

Redio: Na mama yako?

Zunilda: Yuko nyumbani, anapika. Lakini sisi tulimwahisha.

Maksai: Mpira mdomoni?

Zunilda: Unalazwa usingizi, mzee. Husikii.

Maksai: Miezi miwili natembea na jiwe na karatasi ya kusema sina.

Zunilda akaikunja karatasi, akanikabidhi mimi.

Gari likaja likiwa limewasha taa. Vijana wawili wakamwinua, naye akakataa machela, akasema Maksai habebwi, akapiga hatua mbili akabebwa. Tukamzunguka. Redio alikuwa analia na kumfunga skafu, anamsomea Salamu Maria, na katikati ya kulia nikaona mkono wake mmoja unafanya kitu peke yake. Umekwenda kwenye sinia. Umechukua mkate wa moto, umeufunga kitambaa, umeutia mfukoni mwa koti la Maksai.

Nikaudaka. Nikautoa.

Redio alitazama mkate mkononi mwangu, akautazama mkono wake.

Redio: Mimi... safari ndefu, Miwani. Mkono umezoea tu. Ee Mungu, mkono wangu!

Profesa akamshika mabega, akamkalisha. Nami nikapanda gari. Hakuna aliyeniomba nipande. Begi la Zunilda nililiacha kwenye benchi na sindano inaning'inia, akaniambia atamalizia mkanda mwenyewe, niende.

Ndani kulikuwa na joto. Kijana wa zahanati alimchoma sindano ya maji mkononi, akampima homa, akaangalia namba, akamgonga dereva begani aongeze mwendo. Maksai alikuwa amelala chali, anatetemeka meno, kofia kifuani. Tulipofika mteremko wa daraja akafungua yale macho yake.

Maksai: Miwani.

Mimi: Nipo, ndugu yangu.

Maksai: Karatasi unayo?

Mimi: Ninayo.

Maksai: Nisomee.

Mimi: Nikusomee nini, Eleuterio? Nisamehe. Nisamehe, kaka.

Maksai: Nisomee pale pazuri. Pale ulipoisoma ukaruka.

Nikatoa miwani mfukoni. Vioo vilikuwa vimelowa, nikavifuta kwa shati, vikalowa tena. Nikamsomea ule upande wa mbele, polepole, na kwa sauti ile ile ya mwezi wa tano kadiri nilivyoweza: Huenchumil, Eleuterio, miaka sitini na sita, mawe hayakuonekana. Alifumba macho akatabasamu, kama alivyotabasamu siku ile ya kondoo. Nikangoja kidogo.

Kisha nikaigeuza, nikamsomea na upande wa pili, mpaka kwenye muhuri.